Mke anaogopa kitambi changu, mimi naogopa kisima

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mkazi wa Tanga mjini. Nina duka la jumla la nafaka na mafuta ya kula. Naomba usitaje mtaa wangu, maana huku kwetu ukitaja barabara tu, watu wanajua mpaka rangi ya mlango.

Shangazi, mimi nina mwili. Zamani nilicheza winga ya kushoto na baiskeli ndiyo ilikuwa miguu yangu. Siku hizi nashinda kwenye kiti cha duka, na bajaji inanifuata mlangoni. Kliniki walinipima, nina kilo 112 na urefu wa sentimita 171. Mama yangu anasema huu ndio mwili wa mwanaume anayetunzwa. Marehemu baba naye alikuwa hivi hivi mpaka kisukari kilipomchukua baada ya kukatwa mguu.

Sasa kuhusu kisima. Nyuma ya nyumba kuna kisima alichochimba babu, hakijawahi kukauka. Miaka ya karibuni jirani alifungua gereji upande wa pili wa ukuta. Tangu hapo, masika yakianza, ndoo inatoka na utando unaong'aa rangi rangi, na maji yananuka dizeli. Tunayachemsha, tunatia dawa, tunakunywa. Nikipiga hesabu naona niliongezeka mwili katika miaka hiyo hiyo ya gereji, na nimesoma kwamba kuna kemikali zinazomnenepesha mtu hata kama hali sana. Fundi wa visima alipokuja kuangalia alicheka, akasema: "Maji yana matabaka, bosi. Uchafu wote uko juu. Tukishuka mita arobaini, utakunywa maji matupu." Anataka milioni sita pamoja na pampu. Pesa hiyo ninayo, ndiyo akiba yetu yote.

Mke wangu hataki kusikia habari ya kisima. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, msomaji sana. Amesoma mahali kwamba baba mnene anaingiza unene wake ndani ya mbegu, na mtoto anazaliwa na kisukari kinamsubiri. Tuna binti mmoja wa miaka sita na tulikuwa tumekubaliana kutafuta wa pili. Sasa anasema hashiki mimba mpaka nifike kilo 90. Nilidhani ni maneno ya hasira, kumbe alikwenda kuchoma sindano ya miezi mitatu. Nilijua baada ya kuona kadi kwenye mkoba wake.

Nilimwambia dada yangu, dada akamwambia mama. Mama akasema, "Mwanamke anayempimia mumewe kilo kabla ya kumzalia, kesho atampimia kaburi." Sasa ananiletea habari za binti mmoja wa Pangani, eti tabia njema na hana masharti. Sijasema ndiyo. Sijasema hapana pia.

Kilichoniumiza zaidi ni mtoto. Mama yake ameanza kumpunguzia chapati, kwa sababu na yeye ana mashavu kama yangu. Juzi aliniuliza, "Baba, na mimi ni mgonjwa kama wewe?" Nikatoka nje.

Je, mbegu yangu ni mbovu? Nichimbe kisima, nisubiri kilo 90, au nimsikilize mama?

Baba Binti, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Wanaume wachache huniandikia kuhusu miili yao. Wengi huniandikia kuhusu miili ya wake zao, kwa hiyo wewe tayari umefanya jambo.

Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia nakwama kwenye sentensi ile ile. Umesema kisukari kilimchukua baba yako baada ya kukatwa mguu, halafu hapo hapo ukaanza habari za kisima. Umempita baba haraka mno. Nadhani mkeo hakumpita. Huenda alimuuguza, huenda alimwona tu akiingizwa na kutolewa hospitali, na sasa akikutazama umekaa kwenye kiti cha duka anawaona wawili.

Ukiondoa maneno ya pembeni, nyumba yenu ina hofu moja na washitakiwa watatu. Hofu ni ya mtoto ajaye. Mkeo anashitaki kitambi, wewe unashitaki kisima, mama anamshitaki mkeo. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na kila mmoja amechagua kipande kisichomgharimu yeye. Kitambi si cha mkeo. Kisima si chako, ni cha babu na gereji ni ya jirani. Mama naye hatakiwi kubadili hata sahani. Sisemi hivi kukusuta, nasema tu ulitazame jambo hili kabla hujatoa milioni sita.

Tuanze na kisima, kwa sababu hapo kuna haraka kuliko unavyodhani, ingawa si kwa sababu unayoidhani.

Fundi wako hakudanganya, maji ya ardhini yana matabaka. Ila hakukumalizia. Dizeli na petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu ya maji ya chini ya ardhi, na masika yanapopandisha kimo cha maji ndipo utando ule unapoingia kwenye ndoo. Huo ni uchafu unaoonekana. Ndani ya petroli kuna benzini, ambayo sehemu yake huyeyuka katika maji yenyewe na kushuka nayo, na benzini inahusishwa na saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, kiasi ambacho ulimi wala pua haviwezi kukigundua. Halafu gereji nyingi hutumia vimiminika vya kuondolea grisi. Vile vyenye klorini ni vizito kuliko maji, havielei hata kidogo. Huzama vikipita tabaka baada ya tabaka mpaka vikwame kwenye mwamba. Hivyo basi "juu uchafu, chini usafi" ni nusu ya habari.

Chini zaidi kuna nini? Sisi tuko pwani. Maji baridi ya kisima chako yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya mji, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg waliieleza hesabu yake zaidi ya miaka mia moja iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hugeuka pia. Ukipampu kwa pupa ukashusha kimo cha maji kwa mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40. Wapo watu wa pwani waliochimba kirefu kwa fahari, sasa wanaoshea magari.

Na miamba ya Tanga ina chokaa nyingi. Ukiwahi kuingia mapango ya Amboni umeona jinsi maji yanavyoitafuna. Kwenye mwamba wenye nyufa za namna hiyo, uchafu hauendi polepole kama kwenye mchanga, unapita njia iliyo wazi. Hata shimo lenyewe, lisipozibwa vizuri pembeni ya bomba, hugeuka kuwa njia ya kuushusha uchafu wa juu kwenye maji ya chini yaliyokuwa mazima. Isitoshe kuchimba kirefu kunataka kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Muulize fundi kama amekutajia kibali.

Halafu hili la kuchemsha na kutia dawa. Hivyo vinaua vijidudu, na ni vizuri. Kemikali za gereji haviziondoi, na kuchemsha maji yenye petroli kunaipeleka sehemu ya mvuke huo jikoni, alipo mkeo na alipo mtoto. Kwa hili peke yake sitazungukazunguka: maji hayo yasinywewe wala yasipikiwe mpaka yapimwe. Chukua ya bomba, hata kwa kununua ndoo. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji. Uliza ya karibu nawe, waambie mapema kwamba unashuku mafuta ya gereji, maana kipimo cha vijidudu na chumvi hakitaonyesha kitu hicho. Chupa za sampuli waombe wao wenyewe. Kwa uchafu wa aina hii hutumika chupa ya kioo inayojazwa mpaka juu bila kuacha hewa, vinginevyo unachokitafuta kinaruka kabla ya kufika.

Sasa swali lako la kweli: je, kisima ndicho kilichokunenepesha?

Wazo lako si la kipuuzi. Mwaka 2006 mwanasayansi Bruce Blumberg wa California alizipa jina kemikali zinazouchochea mwili kuhifadhi mafuta. Mfano wake mkubwa ulikuwa sumu iliyotiwa kwenye rangi za chini ya meli ili kome na chaza wasigande, ambayo ilipigwa marufuku duniani kuanzia 2008. (Wazee wetu walipaka majahazi deheni ya mafuta na chokaa, na majahazi yalifika.) Panya jike wenye mimba waliopewa sumu hiyo walipata vitukuu wenye mafuta mengi mwilini. Majaribio ya 2013 yaliona jambo la namna hiyo kwa dawa ya kuulia wadudu ya DDT na hata kwa mafuta ya ndege. Lakini hao walikuwa panya, wamepewa dozi wakiwa na mimba. Kutoka hapo hadi ndoo yako na kilo zako ni safari ndefu. Na mkeo, mwanangu? Anakunywa ndoo ile ile, na umeniandikia mwenyewe kwamba ni mwembamba. Miaka ya gereji ndiyo pia miaka ya bajaji na kiti. Sidai kwamba kisima hakina kosa. Nauliza tu kwa nini wewe una hakika kwamba kinalo lote.

Tuje kwenye mbegu. Hapo mkeo naye amesoma sawa, akavuka mpaka kidogo.

Mtoto anapata kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, 23 kutoka kwako na 23 kutoka kwa mama yake. Humo mna jeni zinazohusika na unene, na mashuhuri kati yake ni ile iitwayo FTO iliyotambuliwa mwaka 2007. Mtu aliyerithi aina yake ya unene kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na uzito wa wastani wa kilo 3 zaidi ya asiye nayo. Kilo 3, si 30. Hizo jeni hutazibadilisha kwa kukimbia ufukweni Raskazone kila alfajiri. Umezipokea kama ulivyopokea pua.

Kuna urithi wa pili, na huu ndio aliousoma mkeo. Mbegu hubeba pia alama zilizobandikwa juu ya jeni na vipande vidogo vya ujumbe, ambavyo hubadilika kufuatana na hali ya mwili wa baba. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walilisha panya dume mafuta mengi. Mabinti wa panya hao, ambao mama zao walikula kawaida, walikua na matatizo ya kudhibiti sukari. Mwaka 2016 watafiti wa Copenhagen walilinganisha mbegu za wanaume wanene na wembamba, wakakuta alama tofauti, zikiwemo kwenye jeni zinazohusika na hamu ya kula. Kisha wakafuatilia wanaume 6 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, na alama kwenye mbegu zao zikaanza kubadilika ndani ya wiki moja, zikaendelea kubadilika mpaka mwaka. Watoto hawakupimwa. Kwa hiyo hakuna mtu, si mkeo wala daktari, anayeweza kusema kwamba kwenye kilo 90 mtoto yu salama na kwenye 95 amepotea. Namba hiyo mkeo kaipata wapi? Muulize kwa upole, huenda ina historia yake.

Unauliza kama mbegu yako ni mbovu. Mwili hauna ghala la mbegu za zamani. Mbegu moja hutengenezwa kwa siku 74 hivi, kisha hukaa siku kadhaa kukomaa, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu una mbegu mpya zilizoundwa na mwili ulio nao wakati huo. Mtu anayejua hivyo haoni aibu, anaona kalenda. Na ukiingia gym akatokea wa kukuuzia sindano za homoni za kiume "kurudisha nguvu", mkatae: sindano hizo husimamisha utengenezaji wa mbegu.

Kuna jambo hapa ambalo sijui kama nyote wawili mnalifahamu. Aliyechoma sindano ya miezi mitatu hashiki mimba siku sindano inapoisha. Kwa wastani uzazi hurudi miezi 10 hivi baada ya sindano ya mwisho, wengine mapema, wengine huchelewa zaidi. Maana yake ni kwamba muda wa kusubiri mnaogombania, sehemu yake kubwa mmeshapewa. Ukitaka kubadilisha mbegu mara mbili au tatu, nafasi ipo. Na mkeo, kama bado anataka mtoto wa pili kwa dhati, akae na muuguzi wa uzazi wa mpango kabla ya kuongeza sindano nyingine, kwa sababu zipo njia ambazo uzazi hurudi upesi zaidi.

Alificha, najua, na iliuma. Mimi ningependa ujue kwa nini alificha kabla ya kuamua ulikosewa kiasi gani. Mwanamke anayeogopa mimba hana uwanja mwingine wa kuamulia isipokuwa mwili wake. Pengine alisema kwa maneno mara nyingi, ukamjibu kwa kisima.

Kilo zenyewe, basi. Usianze na 90. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa 2002 lilichukua watu waliokaribia kupata kisukari, likawataka wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ni kilo 8 hivi, yaani 104. Hayo ni kwa ajili yako, si ahadi kwa mtoto. Lakini mtoto naye anahitaji baba mwenye miguu miwili. Kapime sukari kabla hujanywa chai: ikifika milimoli 7.0 kwa lita na kurudia hivyo siku nyingine, tayari ni kisukari, na mazungumzo yote ya nyumbani kwenu yatabadilika. Nashuku unaogopa kipimo hicho kuliko unavyoogopa dizeli. Ni haki yako kuogopa.

Mama usimchukie. Alilea watoto katika miaka ambayo mtu akikonda tu majirani walianza kunong'ona kuhusu ukimwi, na mwili ulikuwa cheti cha uzima. Anapokutazama anaona mwanawe hajafa. Lakini huyo binti wa Pangani, ambaye hana habari na haya yote, angeingia nyumba yenye kisima kile kile na mume wa kilo zile zile. Ukimwoa, swali la mtoto utakuwa umelihamisha chumba. Uamuzi ni wako na dini yako ina taratibu zake. Lakini kule kutosema ndiyo wala hapana, mama amekwisha kukusikia kama ndiyo, na mkeo pia atakusikia hivyo.

Kuhusu binti yenu nitazungumza na nyote wawili. Mtoto wa miaka sita hapunguziwi chapati peke yake mezani huku wengine wanakula. Ama meza nzima ibadilike, soda zitoke, machungwa ya Muheza yaingie, wali wa nazi uwe wa siku zake, ama aachwe ale. Kusikia kwamba mwili wake ni ugonjwa kunaweza kumdhuru mapema kuliko jeni yoyote. Alikuuliza ukatoka nje, lakini swali bado liko wazi na watoto hawachoki kusubiri jibu. Unaweza kumwambia kwamba baba anataka kuwa na nguvu za kupanda tena baiskeli, na yeye akae nyuma.

Milioni sita usizitoe bado. Kipimo cha maji, kipimo cha sukari na mazungumzo na muuguzi, vyote kwa pamoja, havifiki hata robo ya pesa hiyo. Baada ya hapo huenda mkaona afadhali kuvuta bomba na simtanki na kukiacha kisima kwa kufulia, au hata kwa kufulia kisifae. Huenda mkaona kuchimba ni sawa, kwa kibali na mtaalamu wa maji chini ya ardhi. Jirani wa gereji mwendee na majibu ya maabara mkononi, si kabla, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Majibu yakitoka niandikie, na safari hii mpe mkeo kalamu naye aandike upande wake. Sitachapa bila idhini yenu wawili.

Shangazi